NCHI JIRANI: Ua la Bukini Lililo Mlangoni

Apitaye katika kota za askari, iwe ni kambini au nyuma ya kituo cha polisi cha wilaya, hakosi kuliona ua moja. Limepandwa kando ya njia iendayo ofisini, nyuma ya mawe yaliyopakwa chokaa. Limepandwa katika makopo ya rangi yaliyokwisha kazi na kupangwa barazani. Wakati mwingine halikupandwa na mtu yeyote, limejiotea tu katika ufa wa saruji karibu na bomba la maji. Ni ua la petali tano, la rangi ya waridi iliyokolea au jeupe, na aghalabu lina jicho jekundu katikati. Majani yake hung'aa, na mstari wa katikati ya jani umepauka. Jua kali haliliui, na mchanga mtupu halikatai. Hata mbuzi wa jirani, ambaye hula kamba ya kuanikia nguo, aghalabu hulinusa akapita zake.

Katika nyumba nyingi halina jina zaidi ya "ua". Watoto huyachuma wakachezea arusi za wanasesere, na mama mwenye nyumba huling'oa likizidi. Watu wachache hujua kwamba ua hilo ni mgeni aliyetoka nchi jirani, na ni wachache zaidi wajuao kwamba katika majani yake zimetolewa dawa mbili ambazo kila hospitali kubwa yenye wodi ya saratani huzihitaji.

Kwao ni Bukini. Hilo ndilo jina ambalo wazee wa pwani walikiita kisiwa ambacho ramani za leo hukiita Madagaska. Kinaizidi Kenya kidogo kwa ukubwa, kwani eneo lake ni kama kilomita za mraba 587,000, na kinatenganishwa na bara la Afrika kwa mlango wa bahari ambao penye wembamba wake una kilomita zipatazo 400. Majahazi ya Waswahili yalifika katika bandari zake za kaskazini-magharibi, hasa Mahajanga, kwa karne nyingi. Msomaji atakayetaka ushahidi na ausikilize tu usemi wa wenyeji: ng'ombe huitwa omby, mbwa huitwa amboa na kuku huitwa akoho, ingawa lugha yenyewe asili yake ni mbali sana, katika visiwa vya Asia ya kusini-mashariki. Kisiwa kilijipatia uhuru wake kutoka kwa Ufaransa tarehe 26 Juni, 1960.

Kwa kuwa kisiwa hicho kilijitenga na bara zamani zisizohesabika kwa kizazi cha binadamu, mimea yake ilikwenda njia yake yenyewe. Zaidi ya aina nane katika kila kumi za mimea iotayo huko haipatikani mahali pengine popote duniani kwa asili yake. Miongoni mwao imo jenasi, yaani ukoo mdogo wa mimea ya maua, ambayo wataalamu huiita Catharanthus. Jina hilo limetungwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya ua safi. Ukoo huu una aina zisizofika kumi. Zote kwao ni Bukini, isipokuwa moja tu ambayo ni ya India na Sri Lanka. Na katika hizo za Bukini, ni moja tu iliyotoka kwao ikaizunguka dunia: hiyo iliyopo nyuma ya mawe ya chokaa.

Safari yake ilianza mapema. Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa akiongoza kituo cha wenzake cha Fort Dauphin kusini mwa kisiwa, alichapisha mwaka 1658 kitabu juu ya nchi hiyo, na ndani yake ameutaja mmea wenye maua kama ya yasmini, mengine meupe na mengine ya zambarau, ambao mzizi wake ni mchungu na wenyeji huutumia kwa dawa. Katika karne iliyofuata mbegu zilifika Paris, na kutoka huko zikapelekwa London katika bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea. Mwaka 1759 Linnaeus, yule bingwa wa Uswidi wa kuipa mimea majina, aliuita Vinca rosea. Karne ya 19 ilipofika jina hilo lilionekana halifai, kwani vinca ni mmea mwingine wa Ulaya, na ndipo Mskoti George Don alipoutengea ukoo wake. Hata hivyo jina la kwanza halikufa kabisa. Limebaki mwanzoni mwa majina ya dawa zake: vinblastini na vinkristini.

Bustani za Ulaya zikaligawa ua hilo kwa makoloni yote yenye joto. Likazagaa Karibea, India, Ufilipino na pwani ya Afrika ya Mashariki, na kila lilipofika wananchi walilifanyia kazi yao. Kwao Bukini huitwa vonenina, na waganga wa huko hulitumia kwa maradhi kadha wa kadha. Lakini katika nchi nyingine nyingi habari iliyoenea zaidi ilikuwa moja: kwamba majani yake yakichemshwa huteremsha maradhi ya sukari.

Habari hiyo ndiyo iliyofungua mlango, ingawa mlango uliofunguka haukuwa ule uliobishwa.

BAHASHA

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Jamaika alitia majani 25 ya mmea huo katika bahasha akayapeleka Kanada kwa Dakta Clark Noble. Alimchagua huyo kwa sababu Noble alikuwa miongoni mwa watu waliofanya kazi katika maabara ya Toronto wakati insulini ilipogunduliwa. Wagonjwa wa Jamaika, daktari huyo alieleza, hunywa chai ya majani haya wakikosa insulini. Clark Noble alikuwa amekwisha staafu, akampa bahasha mdogo wake, Robert Noble, aliyekuwa mtafiti katika chuo kikuu cha mji wa London ulioko huko huko Kanada.

Robert Noble aliwanywesha panya maji ya majani hayo. Sukari haikushuka. Akawadunga kwa sindano. Sukari haikushuka tena, bali baada ya siku chache panya wakaanza kufa. Mtafiti mvivu angaliitupa bahasha hapo na kuandika kwamba dawa ya Wajamaika ni uongo. Noble aliwapasua panya ili ajue walikufa kwa nini, na akakuta miili imejaa uambukizo. Chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, zilikuwa zimepungua mno.

Hapo ndipo fikra ilipogeuka. Ipo saratani ya damu ambayo chembechembe nyeupe huzaliana pasipo mpaka hadi zikaisonga damu yenyewe. Kitu kinachoziangusha chembechembe hizo katika panya mzima huenda kikamfaa mgonjwa ambaye zimemzidi. Mwaka 1954 alijiunga naye mkemia Charles Beer, na baada ya kazi ndefu ya kuchuja na kutenganisha, mwaka 1958 wakaitangaza dawa ambayo baadaye iliitwa vinblastini. Wakati huo huo kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, nayo ikifuata habari za maradhi ya sukari, ilikuwa imefika mahali pale pale kwa njia yake. Mtaalamu wake Gordon Svoboda na wenzake ndio waliotoa dawa ya pili, vinkristini, ambayo iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963.

Namna dawa hizi zinavyofanya kazi si ngumu kuelewa. Chembe hai ikitaka kugawanyika kuwa mbili, hufuma ndani yake nyuzi nyembamba, nazo nyuzi hizo huuvuta urithi wa chembe pande mbili kama watu wavutao kamba. Dawa ya ua hili huzuia nyuzi zisifumike. Chembe iliyokwisha jiandaa kugawanyika hukwama katikati, ikafa. Kwa vile chembe za saratani hugawanyika ovyo na kila mara, ndizo zinazopigwa zaidi. Lakini dawa haina macho. Huzipiga pia chembe nyingine zigawanyikazo upesi, mathalani zile za mizizi ya nywele. Vinblastini huziangusha sana chembechembe nyeupe, na vinkristini huisumbua mishipa ya fahamu, hata vidole vikafa ganzi na tumbo likafunga choo.

Ni dawa isiyopatikana kirahisi. Ili kupata gramu moja ya vinblastini huhitajika kama kilo 500 za majani makavu, na kwa gramu moja ya vinkristini majani yanayohitajika ni mengi zaidi ya hayo. Mwaka 2022 wataalamu wa Denmark na Marekani walieleza jinsi walivyoifanya hamira itengeneze viambato viwili vya vinblastini, bila ua lolote.

MULAGO

Afrika ya Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mpasuaji Denis Burkitt, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, alimwona mtoto wa miaka mitano ambaye mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote. Baada ya muda akamwona mwingine, kisha wengi. Akaandika juu ya uvimbe huo mwaka 1958, na mwaka 1961 akafunga safari ya motokaa yeye na madaktari wenzake wawili, kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza kila hospitali waliyoipitia kama wameuona. Leo saratani hiyo hujulikana duniani kote kwa jina lake.

Kisu hakikuweza kuiponya. Vyombo vya kutibia kwa mionzi havikuwako Uganda wakati huo. Burkitt akajaribu dawa, moja baada ya moja, na mwaka 1966 akachapisha aliyoyaona alipowapa watoto hao vinkristini. Mwaka uliofuata ikaanzishwa pale Mulago taasisi ya saratani ya Uganda. Hivyo, chini ya miaka kumi tangu majani ya Bukini yatoe siri yake huko Kanada, dawa yake ilikuwa imo katika mishipa ya watoto wa Uganda, watoto ambao huenda nyumbani kwao ua lenyewe lilikuwa limechanua mlangoni.

Kwa saratani ya damu ya watoto, mageuzi yalikuwa makubwa mno. Mapema katika miaka ya 1960 karibu kila mtoto aliyeipata alikufa. Leo, katika nchi tajiri, karibu tisa katika kumi hupona, na vinkristini ikichanganywa na dawa nyingine imo katika matibabu yao tangu wiki za kwanza. Katika nchi nyingi maskini, kwa saratani za watoto kwa jumla, wanaopona hawafiki hata watatu katika kumi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2018 shabaha ya kuwafikisha sita katika kumi ifikapo mwaka 2030.

Tofauti hiyo haitokani na dawa peke yake, na hapa ndipo mzazi apasikilize vizuri. Uvimbe wa taya ambao Burkitt aliuona huitikia dawa kwa haraka ya kustaajabisha. Mtoto aliyeletwa akiwa hawezi kufumba kinywa huweza, baada ya sindano za mwanzo na katika siku chache tu, kurudi kula na kucheza. Baba aliyeomba ruhusa ya siku saba kikosini huona kazi imekwisha. Nauli ni ghali, mama ameacha watoto wengine nyumbani, na kitanda cha hospitali si mahali pa kupendeza. Wanaondoka. Baada ya wiki kadhaa uvimbe hurudi, na mara hii chembe zilizobaki ni zile zilizokwisha ishinda dawa.

Wengine huondoka kwa sababu iliyo kinyume. Nywele za mtoto zimeanguka, vidole vinamwasha, amekonda. Jamaa wanasema hospitali ndiyo inayomwua. Yafaa wajue kwamba nywele huota tena, na kwamba hayo yote daktari anayatazamia. Jambo lisiloweza kungoja ni homa. Mtoto aliye katika dawa hizi akipata joto la mwili, hata kama ni usiku wa manane, apelekwe hospitali usiku huo huo, kwani askari wake wa mwili ni wachache na uambukizo mdogo kwake ni vita. Panya wa Noble walikufa kwa namna hiyo.

Kwa wauguzi wa hospitali za jeshi na polisi wasomao ukurasa huu, lipo neno wasilolihitaji lakini halichoshi kurudiwa: vinkristini ni ya mshipa wa damu tu. Ikidungwa kwa makosa katika uti wa mgongo huua, na imekwisha ua katika nchi zenye hospitali kubwa. Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri itiwe katika mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, ili isiweze kukosewa.

CHAI

Na chai je? Wapo bado watu, katika nchi nyingi na si Jamaika tu, wanaochemsha majani haya kwa ajili ya sukari. Mmea huu una viini vya uchungu zaidi ya mia moja, na jani moja halilingani na jingine: udongo, umri wa mmea na msimu vyote hubadili kiasi. Achemshaye hapimi chochote. Anaweza kunywa kitu dhaifu kisichomfaa, au kitu kikali kitakachomtapisha na kumvuruga, na rangi ya chai haitamwambia ni kipi. Mwenye mimba asiuguse kabisa mdomoni. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kimya kimya: mgonjwa wa sukari huacha vidonge au insulini aliyopewa kwa kuwa ana sufuria jikoni, akaendelea kujiona mzima mpaka kidonda cha mguu kinapokataa kupona. Na kwa saratani, mwenye kudhani atachuma dawa uani na azikumbuke zile kilo 500 za majani kwa gramu moja.

Si ajabu kwamba mmea mzuri uwe na sumu, ukijua jamaa zake. Ni wa nasaba moja na mbungo, ambao matunda yake hufanya juisi iburudishayo watu wa Unguja, Pemba na Tanga. Ni wa nasaba moja pia na msunguti, ambao wawindaji wa kale waliupika wakapaka ncha za mishale.

Bukini yenyewe imepata nini? Swali hili limeulizwa tangu dawa hizo zianze kuuzwa duniani, na jibu ni kwamba imepata bei ya majani na mizizi. Kusini mwa kisiwa, katika nchi kavu ya Androy na karibu na ule mji wa Fort Dauphin ambao leo huitwa Tôlanaro, wakulima maskini kabisa huung'oa mmea, huutenga mzizi na majani, huyakausha na kuyauza kwa wachuuzi wayapelekao ng'ambo. Mzizi nao una dawa yake, ya mishipa ya damu. Hati za ugunduzi zilikuwa za wengine, na faida ikawa yao.

Watetezi wa kisiwa wana haki ya kulalamika, ingawa shauri lao si jepesi kama linavyosemwa katika hotuba. Mmea ulikuwa umekwisha otea nusu ya dunia zaidi ya miaka mia kabla ya bahasha ya Noble. Habari iliyowavuta watafiti ilitoka Jamaika na Ufilipino, na ilikuwa habari ya ugonjwa mwingine. Majani yenyewe yalilimwa pia India, na hata Texas. Ni nani basi alipwe? Mataifa yalikubaliana mwaka 1992 kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea yake, na katika itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, wakaweka utaratibu wa kugawana faida. Kwa ua hili utaratibu huo ulichelewa.

Haujachelewa kwa dada zake. Aina nyingine za Catharanthus hazikusafiri. Zimebaki katika vilima na miamba ya Bukini, baadhi katika maeneo madogo mno, na mojawapo, Catharanthus coriaceus ya nyanda za juu, inazidi kupungua kwa moto wa wachungaji na wakata misitu. Huko nyasi huchomwa kila mwaka ili ng'ombe wapate majani mapya, na mfugaji mwenye njaa hana nafasi ya kutazama ni ua gani lililokuwa katika jiwe. Ile moja iliyotoka imechunguzwa kuliko karibu mmea wowote wa dawa duniani. Zilizobaki nyumbani zimechunguzwa kidogo tu.

Kwa mama au bwana atakaye kulipanda nyumbani, kazi ni ndogo. Mbegu ni nyeusi na ndogo, nazo hukaa katika vijiganda viwili vyembamba vinavyosimama pale ua lilipoanguka. Vivunwe vikianza kugeuka manjano, kabla havijapasuka. Zipandwe katika mchanga uliochanganywa na samadi kidogo, zifunikwe na udongo kwa kuwa hupenda giza zinapoota, na maji yasituame, kwani kinachoua ua hili ni maji mengi kuliko kiu. Mmea ukirefuka ukatwe ncha ili utoe matawi. Anayekata anawe mikono, na vipande vyake visitupwe katika banda la sungura.